S Iliyopotea: Dhamira Tegemezi ya Kiingereza Ikitazamwa Kutoka Upareni

"The headmaster insists that every student come with a hoe." Andika sentensi hii ubaoni mbele ya kidato cha pili pale Msangeni, kwenye milima ya Ugweno, kisha geuka uwatazame wanafunzi. Kuna mkono utakaonyooka: "Mwalimu, umesahau s." Mwanafunzi huyo ana hoja. Tangu shule ya msingi anaambiwa kwamba nafsi ya tatu umoja, wakati uliopo, kitenzi hupata s mwishoni: he comes, she goes, it rains. Amekosa alama si haba kwa kuisahau s hiyo. Leo mwalimu ameiacha makusudi, na akibanwa aeleze, kinachotoka mara nyingi ni kwamba jambo hilo linaitwa "subjunctive", yaani dhamira tegemezi, likaririwe hivyo hivyo.

Kukariri ndiko kunakoliua somo hili. Mwanafunzi aliyenyoosha mkono alianza kidato cha kwanza kwa fomu ya kujiunga, na fomu hizo tunazijua: mwanafunzi aje na jembe lenye mpini, alete fagio na rimu ya karatasi, avae viatu vyeusi vya kufunga kwa kamba, asije na simu. Hakuna mzazi aliyeisoma akadhani mkuu wa shule anasimulia kwamba watoto wanakuja na majembe. Alielewa kwamba anatakiwa kuingia mfukoni. Kitenzi "aje" kilimwambia hivyo. Na "come" isiyo na s katika ile sentensi ya ubaoni ndiyo "aje" hiyo hiyo kwa Kiingereza. Ninachodai hapa ni kwamba dhamira tegemezi si mzigo mpya ulioletwa na Kiingereza. Kiswahili kinayo, tena kamili kuliko ya Waingereza. Ugumu unaanza pale lugha hizi mbili zinapoachana njia, na hapo ndipo vitabu vingi vya shule vinapopita haraka.

Tuanze na dhamira yenyewe. Ukisema "Wanafunzi wanafagia uwanja," mtu anaweza kukujibu, "Si kweli, wako darasani." Ukisema "Wanafunzi wafagie uwanja," jibu la "si kweli" halina pa kukaa. Anaweza kukubali, kugoma, au kuuliza kwa nini wasifagie wavulana peke yao, lakini hawezi kukuita mwongo, kwa sababu hujatoa habari yoyote. Umetaka jambo liwe. Sentensi ya kwanza inaeleza ulimwengu ulivyo. Ya pili inaueleza jinsi mtu anavyotaka uwe, anavyoshauri, anavyoombea au anavyoagiza. Kipimo hiki kidogo, cha kuuliza kama "si kweli" inaweza kuwa jibu, kinamfaa mwanafunzi kuliko ukurasa mzima wa fasili.

Tena kuna vitenzi vinavyobeba maana zote mbili, na hivyo ndivyo vinavyoonyesha kazi ya dhamira kwa uwazi zaidi. Chukua "sisitiza". "Mama alisisitiza kwamba binti yake yuko nyumbani" ni mama anayebishana na mtu juu ya ukweli. "Mama alisisitiza binti yake awe nyumbani kabla ya magharibi" ni mama anayeweka sharti. Kiingereza kina kitenzi cha namna hiyo hiyo, insist, na kinafanya mgawanyo ule ule: "She insisted that her daughter was at home" ni ubishi, na "She insisted that her daughter be at home by sunset" ni amri. Mwanafunzi asiyejua tofauti ya was na be hapo hajakosa kanuni ndogo ya mtihani. Amekosa kuelewa kama mama anatetea au anaagiza.

Kufanana hakuishii hapo. Katika Kiswahili, kitenzi cha dhamira hii hakina njeo. Alisisitiza aje, anasisitiza aje, atasisitiza aje: kitenzi cha kwanza kinahama kutoka jana hadi kesho, "aje" haibanduki. Kiingereza vilevile: he insisted that she come, he insists that she come, he will insist that she come. Mwanafunzi aliyezoeshwa kwamba kitenzi kikuu kikiwa cha wakati uliopita basi na cha pili kirudi nyuma, huandika "insisted that she came", na maana inageuka: sasa mtu huyo anashikilia kwamba bibi yule alifika.

Ukanushi nao unafuata njia moja. Kiswahili hakisemi "nataka haendi". Kinaitupa ha- na kuingiza -si-: asiende, tusiondoke, msichelewe. Kiingereza nacho hapo kinaitupa does na did, kinaacha not peke yake mbele ya kitenzi: "The doctor recommends that he not carry heavy loads." Sentensi hiyo humkera mwanafunzi sikioni, lakini mwambie ni "asibebe" badala ya "habebi" na kero inapungua.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likitumika darasani, nalo ndilo lenye nguvu kuliko yote. Malalamiko makubwa dhidi ya dhamira tegemezi ya Kiingereza ni kwamba haionekani. Haina kiambishi chake. Ukiacha kitenzi be, inajulikana kwa kitu kilichokosekana: s haipo, basi. Kwa nafsi nyingine zote, I come, you come, they come, huwezi hata kujua kama umo ndani yake au la. Watu husema lugha gani hiyo inayotambuliwa kwa pengo. Lakini Kiswahili kinafanya hivyo kila siku. Vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu hubadili a ya mwisho kuwa e: lima, alime, soma, asome. Vile tulivyovipokea kutoka Kiarabu havibadiliki: rudi, jibu, fikiri, samehe, sahau, subiri. Mwalimu akisema "Kila mmoja ajibu maswali matatu," kwenye "ajibu" hakuna e. Kinachokuonyesha kwamba hii ni amri ni kukosekana kwa -na-, -li-, -ta- au -me- katikati. Pengo ndilo linalosema. Mtoto wa Ugweno anaisoma "ajibu" bila kusita, kwa hiyo uwezo wa kusoma dhamira kwa pengo anao tayari. Hajaambiwa tu kwamba "come" isiyo na s inasomwa kwa jicho lile lile. Kwa vitenzi hivyo hivyo, ukiviweka katika kauli ya kutendwa, e inajitokeza tena: ajibiwe, asamehewe, aruhusiwe.

Kiingereza hakikuwa hivi tangu mwanzo. Kile cha kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na viambishi kamili vya dhamira hii. Umoja wa wakati uliopo ulikuwa na irabu ya mwisho e, na wingi ulikuwa na en. Ndiyo, e. Hakuna undugu wowote hapo na e ya Kibantu. Imetokea tu, lakini ni sadfa tamu kwa mwalimu anayetafuta pa kuanzia. Katika karne zilizofuata irabu za mwisho zisizokazwa zilififia katika matamshi, kisha zikadondoka, na tofauti iliyokuwa ikisikika ikabaki kuwa s iliyopo au isiyopo. Kazi iliyoachwa wazi ilichukuliwa na vitenzi visaidizi: should, may, might, would. Ndiyo maana Mwingereza wa leo ana njia mbili: anaweza kusema "that he come", au "that he should come".

Mwaka 1926 H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, aliiandika dhamira hii kama kitu kinachokata roho, isipokuwa katika matumizi machache. Aliwahi mno kuchimba kaburi. Katika karne ya 20 Wamarekani waliirudisha kwa nguvu baada ya vitenzi vya kutaka na kushauri: demand, recommend, propose, request. Ulinganisho wa makusanyo mawili ya maandishi ya mwaka 1961, moja la Marekani na jingine la Uingereza, ulionyesha wazi kwamba Wamarekani waliitumia kwa wingi huku Waingereza wakipendelea should. Hili linamhusu mwanafunzi wa Kitanzania moja kwa moja. Shule yake imerithi Kiingereza cha Uingereza, ilhali filamu anazotazama na fomu za vyuo vya nje anazojaza baadaye zimeandikwa na Wamarekani. Akikutana na "that he come" na "that he should come", zote mbili ni sahihi, na hakuna sababu ya kumkata alama kwa yoyote kati yake.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana hata kama Kiingereza bado kina dhamira hii. Huddleston na Pullum, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 2002, wanasema hakuna umbo la kitenzi linaloweza kuitwa hivyo. Kuna umbo tupu, be, come, go, ambalo Kiingereza hulitumia kwa amri, kwa kitenzi-jina na kwa hiki tunachokizungumza. Were ya "if I were" wanaiweka kando kabisa na kuipa jina jingine. Naona wana haki. Jina lenyewe lilitoka katika sarufi ya Kilatini na likavalishwa lugha nyingine, Kiswahili kikiwemo, na waliotuandikia sarufi za mwanzo: Ludwig Krapf mwaka 1850, Askofu Edward Steere kwa kitabu chake cha 1870 kilichotokana na kazi yake Zanzibar, kisha Ethel Ashton mwaka 1944. Tofauti ni kwamba kwetu nguo hiyo ilikaa vizuri, kwa sababu mwili wa kuivaa ulikuwepo.

Upareni mwili huo ulikuwepo kabla ya Kiswahili chenyewe kufika. Msangeni iko Pare ya kaskazini, wilaya ya Mwanga, ambako Kigweno, lugha iliyo karibu zaidi na Kichaga, inaishi bega kwa bega na Chasu, ambayo wengi nje ya milima huiita Kipare. Zote mbili zinaibadili irabu ya mwisho kuwa e kwa kazi hii hii, kama zinavyofanya lugha nyingi za Kibantu. Chasu iliandikiwa sarufi mapema: Ernst Kotz, mmisionari Mjerumani wa Kanisa la Waadventista Wasabato, aliichapisha Berlin mwaka 1909. Kwa hiyo zaidi ya karne moja iliyopita Mzungu mmoja alikaa milimani humu akifuatilia vitenzi vya wenyeji, na leo mjukuu wa waliomfundisha anaambiwa akariri kitu hicho hicho kana kwamba kimeshuka na meli. Katika Usangi na Ugweno kuna madrasa pia, na mtoto aliyefika kwenye nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu ameshakutana na jambo hili: yaktubu, anaandika, hugeuka yaktuba baada ya an. Irabu ya mwisho tena.

Sasa tuje kwenye njia panda, maana hapa ndipo alama zinapopotea.

Ya kwanza ni want. Kiswahili kinasema "Nataka aende," na dhamira tegemezi inafuata moja kwa moja. Mwanafunzi hodari, aliyeshaelewa yote niliyoyasema hapo juu, ataandika "I want that he go," na atakuwa amekosea kwa sababu ya uhodari wake. Want haikubali kishazi cha that. Inataka kitenzi-jina: I want him to go. Vivyo hivyo tell na allow, vinapokuwa vya kuagiza au kuruhusu: "Alimwambia aondoke" ni "He told him to leave." Linganisha na "Alimwambia anaondoka", ambayo ni "He told him that he was leaving." Kiswahili kinatofautisha agizo na habari kwa e na -na-. Kiingereza kinatofautisha kwa to na that. Ukiwauliza walimu wa Kiingereza ni kosa gani la Kitanzania linalowasumbua zaidi katika eneo hili, nadhani wengi watataja "I want that you come."

Hali kadhalika "ili", "mpaka" na maswali. "Amekuja ili akuone" ni "so that he can see you" au "to see you". "Ngoja mpaka nimalize" ni "Wait till I finish." "Nifanyeje?" ni "What should I do?" Kiswahili kinatumia silaha moja kwa vita vyote hivyo, Kiingereza kila vita kina silaha yake. "Let me come" ya Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki, anayoisema mtu anayeondoka kidogo na kurudi, ni "ngoja nije" iliyovaa suti, na mgeni kutoka London huisikia akashangaa huyu anaomba ruhusa ya nani.

Njia panda ya pili ni kubwa zaidi: -nge-. Masharti ya Kiswahili yana ngazi tatu. Mkulima wa Same tambarare anayesubiri vuli atasema, mvua ikinyesha tutapanda. Kwake mvua bado ni jambo la kutarajiwa. Akisema mvua ingenyesha tungepanda, anaona haina dalili. Akisema mvua ingalinyesha tungalipanda, msimu umeshapita na gunia la mbegu liko pale pale. Kiingereza kina ngazi hizo hizo: if it rains we will plant; if it rained we would plant; if it had rained we would have planted. Ni kweli kwamba wasemaji wengi siku hizi hawatenganishi -nge- na -ngali-, na utasikia "ningejua ningekuja jana" kila mahali, lakini ngazi zenyewe hazijafutika akilini.

Tatizo ni kwamba Kiswahili kinaweka alama ile ile pande zote mbili. Ningejua, ningekuja. Mwalimu wa Kiswahili hata anakataza kuchanganya: ukianza na -nge- umalize na -nge-, ukianza na -ngali- umalize na -ngali-. Kiingereza kinataka kinyume chake. Would inakaa upande wa matokeo tu, na upande wa sharti unakaa kitenzi cha umbo la wakati uliopita. Mtoto aliyeshika kanuni ya Kiswahili sawasawa, kipindi cha pili, akiingia kipindi cha nne cha Kiingereza ataandika "If I would know, I would come," na kalamu nyekundu itamshukia kwa kutii alichofundishwa vipindi viwili kabla. Sijui kosa lingine ambalo shule zetu zinalitengeneza kwa uangalifu namna hiyo.

Kisha kuna hilo umbo la wakati uliopita. "If I had money now": sasa, lakini had? Mwanafunzi anaitafsiri "kama nilikuwa na pesa sasa" na kuona upuuzi. Hapa maelezo yanayosaidia ni kwamba Kiingereza hutumia wakati uliopita kwa kazi mbili, kuhamisha jambo nyuma katika muda na kulihamisha mbali na ukweli. Na mtu asiseme kwamba Kiswahili hakifahamu hila hiyo. Nenda kwenye dirisha la ofisi yoyote Mwanga au Same usikilize: "Samahani dada, nilikuwa naomba kuulizia kitambulisho changu." Alikuwa anaomba lini? Anaomba sasa hivi. Ameurudisha wakati nyuma ili ombi lisimkabe anayeombwa. Mwingereza anayesema "I was wondering if you could help me" amefanya vilevile. Mwanafunzi akiona kwamba "nilikuwa naomba" inasogeza jambo mbali kidogo kwa adabu, hatasumbuka kuamini kwamba "if I had" inalisogeza mbali na uhalisia.

Ndani ya umbo hilo imebaki alama moja pekee ya dhamira ya kale: were. If I were, if he were, badala ya was. Hiyo tu, kwa kitenzi kimoja tu, kwa nafsi mbili za umoja. "Laiti ningekuwa daktari" ni "I wish I were a doctor." Wazungumzaji wengi wa Kiingereza kama lugha yao ya kwanza husema was bila kuona haya, isipokuwa katika "if I were you", ambayo imeshakuwa msemo. Kuna na mgeuzo wa mpangilio unaoondoa if kabisa: Had I known, were he alive. Walimu huuogopa bila sababu, maana "Ningejua" yetu nayo haihitaji "kama".

Mambo hayo ni ya kuhangaikia mtihani. Lakini dhamira hii inaishi wapi Tanzania, nje ya darasa? Kwanza kanisani na msibani. "God bless you" haina s, na hakuna mtoto wa sekondari asiyeijua. "Mungu akubariki" haina -na-. Anayeisema amekuwa akitumia dhamira tegemezi ya Kiingereza sahihi miaka yote bila kujua. Sala ya Bwana ina maombi matatu ya mwanzo katika umbo hili, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. "Come what may" na "liwalo na liwe" zimejengwa kwa umbo hili hili la kitenzi, na "iwe mvua iwe jua" ina pacha wake, "be it rain or sunshine".

Pili, mahakamani. Fungua hukumu yoyote ya Mahakama ya Rufani iliyoandikwa kwa Kiingereza na utakuta wakili "prayed that the appeal be dismissed with costs". Be, si is. Rufaa haijatupwa, inaombewa itupwe. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini, na wakili wa leo anaweza kuomba "rufaa itupwe kwa gharama", e na yote. Hata hivyo hazina ya maamuzi ya miaka iliyopita imeandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa sheria asiyetofautisha "that it be struck out" na "that it was struck out" atachanganya kilichoombwa na kilichoamuliwa.

Tatu, kwenye mihtasari ya vikao. Bodi ya shule, chama cha ushirika cha kahawa, saccos, kamati ya maji: azimio ni azimio kwa sababu ya dhamira. "Ilikubaliwa kwamba mtunza hazina afungue akaunti" inampa mtu kazi. "Ilikubaliwa kwamba mtunza hazina alifungua akaunti" inamshuhudia. Kama mradi una mfadhili wa nje na muhtasari ukaandikwa kwa Kiingereza, tofauti hiyo yote inategemea "open" isiyo na s wala ed: "It was agreed that the treasurer open an account." Katibu anayeirekebisha iwe "opened" kwa kudhani ni kosa la uchapaji amebadilisha historia ya kikao, na siku ya ukaguzi mtu atatakiwa aonyeshe akaunti ambayo haijawahi kuwapo.

Nne, barua ya mzazi. "Naomba mwanangu aruhusiwe kwenda hospitali" ndiyo "I request that my son be allowed to go to hospital", moja kwa moja, bila njia panda yoyote, kwa kuwa request, tofauti na want, inakubali that. Kama ningepewa kipindi kimoja tu cha kufundisha jambo hili, ningeanza na barua hiyo.

Kwa nini basi halifundishwi hivyo? Sababu moja ni ya mfumo. Tangu 1967 mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili, na akiingia kidato cha kwanza lugha ya kufundishia inageuka Kiingereza. Tume ya Makweta, mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walikagua hali wakakuta wanafunzi wengi hawana Kiingereza cha kutosha kufuata masomo. Tokeo moja la kuendelea kwa mgeuko huo ni dhana kwamba Kiswahili ni adui wa Kiingereza. Mabango ya kuamuru watoto waongee Kiingereza tu yamesimama kwenye malango ya shule nyingi, na mwalimu anayeeleza sarufi ya Kiingereza kwa mfano wa Kiswahili anajiona kama anafanya magendo. Dhamira tegemezi ni mahali ambapo magendo hayo yana faida ya wazi, na pia mahali ambapo yasipofanywa kwa makini yanaumiza, kama tulivyoona kwa want na -nge-. Kuficha lugha ya kwanza hakuondoi makosa inayoyaleta. Kunamzuia mwalimu kuyataja tu.

Kwa hiyo walimu wa Msangeni, na wa kwingineko, ombi langu ni dogo: kabla ya kufungua sura ya "subjunctive", waambieni wanafunzi watoe fomu zao za kujiunga na wapigie mstari kila kitenzi kinachoagiza, chenye e na kisicho nayo, kisha ndipo muwaonyeshe come, be na were. Na wewe mwanafunzi, kwenye chumba cha mtihani andika "if I were". Ukiwa stendi ya Mwanga ukasema "if I was", utaeleweka, na hata Waingereza hawatakushtaki.